Chema Hakijiuzi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye mazungumzo ya vitabu hapa Dar es Salaam, yale ya Jumamosi jioni ambayo kahawa huisha kabla ya hoja. Nikataja kwamba nasoma riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1808, na mwandishi wake hajulikani mpaka leo. Kaka mmoja akacheka. Ni msomaji mzuri, namheshimu. Akasema, "Dada, za Jane Austen umezimaliza zote mpaka ufike huko? Hicho kitabu kingekuwa cha maana, si tungekuwa tunakijua? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakapiga makofi. Methali ikishatoka, nani abishe?

Mimi nabisha. Nimechelewa wiki mbili, lakini nabisha.

Nabisha kwa sababu maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na mara ya kwanza yalinigharimu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nilitaka kuandika tasnifu kuhusu riwaya hiyohiyo. Mwalimu wangu alinitazama kwa huruma, akasema, "Binti, chagua mwandishi anayejulikana. Muda umeshatuchujia." Nikachagua anayejulikana. Nikapata alama nzuri, na sikumbuki hata sentensi moja ya nilichoandika.

Muda umeshatuchujia. Hebu tuuangalie huo mchujo, tuone nani alishika chekeche.

Tuanze na huyohuyo Austen, maana ndiye shahidi anayeitwa kila siku kuthibitisha kwamba kizuri hudumu. Mwaka 1803 aliuza muswada wa riwaya kwa mchapishaji wa London kwa pauni 10. Mchapishaji akaukalia. Hakuuchapa, hakuurudisha. Mwaka 1816 familia yake iliununua tena kwa pauni zilezile 10. Ndiyo riwaya tunayoiita leo Northanger Abbey, na ilitoka Desemba 1817, mwandishi akiwa ameshazikwa tangu Julai. Emma ilichapwa nakala 2,000, na mwaka 1820 nakala 539 zilizobaki zikauzwa kwa bei ya kutupa. Baada ya hapo kazi zake zikakaa zaidi ya miaka kumi bila kuchapwa upya Uingereza. Kilichomwokoa ni biashara. Richard Bentley alikuwa ananunua hakimiliki za riwaya ili azitoe kwa bei nafuu katika mfululizo wake, akanunua na za Austen, akazitoa mwaka 1833. Halafu mpwa wake akaandika kitabu cha kumbukumbu za shangazi, kilichotoka kikiwa na tarehe ya 1870, na hapo ndipo Uingereza nzima ikaanza kumpenda shangazi huyo.

Sasa niambieni, hapo kuna kitu kilichojiuza? Kuna ndugu waliopigania, kuna mfanyabiashara aliyehitaji vitabu vya kujaza mfululizo, kuna mpwa mwenye kalamu. Austen ni mwandishi mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini ukubwa wake haukumvusha mto peke yake. Alibebwa. Swali linalofuata ni hili: ni wangapi hawakupata wa kuwabeba?

Idadi tunayo, kwa sababu kuna watu waliokaa miaka mingi wakihesabu. Mwaka 2000 Peter Garside, James Raven na Rainer Schöwerling walitoa juzuu mbili nene zinazoorodhesha riwaya zilizochapishwa Visiwa vya Uingereza kuanzia 1770 hadi 1829. Baadaye Chuo Kikuu cha Cardiff kikaweka mtandaoni hazinadata ya miaka 1800 hadi 1829 peke yake, yenye kazi 2,272 za waandishi wapatao 900. Elfu mbili mia mbili sabini na mbili, ndugu zangu, katika miaka thelathini tu. Toa sita za Austen, toa za Walter Scott, toa Frankenstein ya Mary Shelley, ongeza nyingine chache za Maria Edgeworth kama umesoma sana. Hiyo ndiyo "fasihi ya Kiingereza ya kipindi cha ulimbwende" tuliyofundishwa kama vile ilishuka imeshakamilika.

Orodha hizo zina jambo jingine ambalo lingepaswa kututoa usingizini. Katika miaka ya 1810 wanawake waliochapisha riwaya walikuwa wengi kuliko wanaume. Miaka ya 1820, baada ya Scott kuonyesha kwamba riwaya inaleta fedha na heshima, wanaume wakaongoza. Waliokuja kuandika historia ya riwaya wakaanza na Scott, wakamwongeza Austen kama dada mwenye kipaji cha pekee, wale wengine wote wakaitwa takataka za Minerva.

Minerva lilikuwa jina la nyumba ya uchapishaji ya William Lane, pale mtaa wa Leadenhall, London. Lane alichapa riwaya kwa wingi, nyingi zikiwa za wanawake, na akaendesha pia maktaba ya kukodisha vitabu. Vitabu vilikuwa ghali sana wakati ule, kwa hiyo watu wengi hawakununua riwaya, walikodi. Kitabu kilipita mkono kwa mkono, juzuu ya kwanza kwa huyu, ya pili kwa yule, mpaka karatasi zikachakaa. Hapa ndipo ile methali inapoanguka vibaya. Riwaya nyingi za aina hii zimepotea kwa sababu zilisomwa. Zilisomwa mpaka zikaisha, kama khanga ya kushindia.

Mmoja wa waandishi wa Lane alikuwa Eliza Parsons. Biashara ya mumewe ya tapentaini iliteketea kwa moto, mume akafa, yeye akabaki na watoto wanane. Akashika kalamu. Aliandika riwaya karibu ishirini, na barua zake za kuomba msaada kwenye mfuko wa waandishi maskini wa London bado zimehifadhiwa. Mwanamke huyu aliandika kama mama ntilie anavyopika: kila siku, kwa haraka, kwa sababu watoto wanasubiri. Mtu anayeniambia kwamba kazi zake "zilijitembeza" kwa kuwa ni mbaya, nataka anieleze angeandika nini yeye akiwa na watoto wanane na deni mlangoni.

Riwaya mbili za Parsons zimo katika ile orodha maarufu ndani ya Northanger Abbey, pale msichana mmoja anapomtajia mwenzake riwaya saba za kutisha za kusoma. Kwa muda mrefu wasomaji wengi waliamini kwamba Austen alijibunia majina hayo ili kutania. Yalisikika ya ajabu mno kuwa ya kweli! Mpaka mkusanya vitabu Michael Sadleir alipoyafuatilia na kuonyesha, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1927, kwamba vitabu hivyo vyote vipo. Na mwaka 1968 aliyevihariri vyote saba kwa ajili ya wasomaji wapya alikuwa Devendra Varma, msomi kutoka India aliyekuwa akifundisha Canada. Fikiria hilo kidogo. Karne nzima watu walicheka utani ambao hawakuuelewa, kwa sababu hawakuwahi kuviona vitabu vinavyotaniwa. Huo ndio mchujo wa muda: ulituachia kicheko, ukatunyima kinachochekwa.

Na vingi vya vitabu vya aina hiyo vilipatikana wapi? Ujerumani. Kando ya mto Weser kuna kasri la Corvey, lililokuwa zamani nyumba ya watawa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtawala mmoja wa Kijerumani, Victor Amadeus wa Hesse-Rotenburg, pamoja na mkewe Elise, walikuwa na ugonjwa wa riwaya. Walinunua za Kijerumani, za Kifaransa na za Kiingereza, zikasafirishwa, zikajalidiwa vizuri, zikapangwa. Victor Amadeus akafa mwaka 1834. Vitabu vikabaki rafuni karibu miaka mia na hamsini, mpaka wasomi wa Chuo Kikuu cha Paderborn, Schöwerling akiwa mmoja wao, walipoanza kuvichunguza miaka ya 1980 na kukuta maelfu ya riwaya za Kiingereza, nyingine zikiwa nakala pekee zinazojulikana duniani. Maktaba kubwa za Uingereza zenyewe hazikuona haja ya kutunza nyingi za aina hiyo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu riwaya ya Kiingereza ya wakati ule tunakijua kwa sababu bwana mmoja tajiri wa Kijerumani na mkewe walipenda kusoma hadithi za mapenzi na mizimu, na hakuna aliyewachomea vitabu. Haya, bado tunaamini kwamba muda ni hakimu? Hakimu gani anayehukumu kesi huku mafaili yako kwa jirani?

Sasa nirudi kwenye kitabu changu, kilichochekwa.

Kinaitwa The Woman of Colour. Kilitoka mwaka 1808, mwaka mmoja baada ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, utumwa wenyewe ukiwa bado unaendelea kwenye makoloni. Ni riwaya ya barua. Anayeandika ni Olivia Fairfield, binti wa mwenye mashamba wa Jamaika na mwanamke mtumwa. Baba amekufa na ameacha wosia: binti aende Uingereza akaolewe na binamu yake, Augustus Merton. Augustus akikataa, mali yote inaangukia mikononi mwa kaka yake Augustus na mkewe, na Olivia atakuwa chini yao. Anapanda meli pamoja na Dido, msichana wake wa kazi, akijua kwamba anapelekwa kama mzigo wenye bei.

Kuna mahali pamoja kwenye hadithi ambapo niliweka kitabu chini. Olivia yuko mezani kwa wakwe watarajiwa. Shemeji mtu ameagiza wali uletwe kwa ajili yake, kwa sauti ya upole, maana amesikia kwamba watu wa aina yake ndicho chakula chao. Olivia anaelewa mara moja. Anajibu kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo anamwacha mwenye nyumba bila nguo. Mimi ni mtoto wa wali. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo, kwenye makongamano ya nje, ambapo mtu anakuuliza kwa tabasamu kama chakula chao unakiweza. Sijawahi kuona fedheha ile ndogo, isiyo na kelele, imeandikwa vizuri vile. Na iliandikwa mwaka 1808.

Olivia anaolewa. Kisha inagundulika kwamba mke wa kwanza wa Augustus, aliyedhaniwa amekufa, yu hai. Ndoa inabatilika. Riwaya nyingine yoyote ya wakati ule ingemuua kwa majonzi au ingemtafutia mume mwingine kabla ya ukurasa wa mwisho. Hii haifanyi hivyo. Olivia anakataa kuolewa tena, anarudi Jamaika kuishi na kuwatumikia watu anaowaita wake.

Tulinganishe. Mwaka 1814 Austen alitoa Mansfield Park. Humo mhusika Fanny anakumbusha kwamba aliwahi kumuuliza mjomba wake, mwenye mali Antigua, kuhusu biashara ya watumwa, na chumba kikawa kimya. Ukimya huo umeandikiwa makala zisizohesabika, hasa tangu Edward Said aliposoma riwaya hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1993, Culture and Imperialism. Nimezisoma nyingi, na baadhi ni nzuri sana. Lakini kwa miaka yote hiyo wasomi walikuwa wameinama juu ya ukimya wa sentensi chache, wakitegea sikio, wakati riwaya iliyotangulia kwa miaka sita ilikuwa inasema kwa sauti, kurasa kwa kurasa, kupitia kinywa cha mwanamke mweusi. Chapisho jipya la kisasa, lililohaririwa na Lyndon Dominique, lilitoka mwaka 2007. Miaka mia moja na tisini na tisa baadaye! Tulikosea mlango, tukabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nitajibiwa: sawa, umepata lulu moja, lakini nyingine 2,000 ni pumba. Nakubali, nyingi ni pumba. Nimesoma The Children of the Abbey ya Regina Maria Roche, ya mwaka 1796, iliyopendwa kwa miongo mingi. Watu wanalia humo mpaka unataka kuwaletea leso. Wanazimia kila wanapoletewa barua. Sitakuambia ni kazi bora iliyodhulumiwa. Ila nasema hivi: huwezi kujua pumba ni ipi bila kupepeta, na aliyepepeta kwa niaba yetu hakuwa muda. Walikuwa watu wenye maslahi, wenye haraka, na mara nyingi wenye dharau kwa wanawake waliokuwa wanaandika kwa ajili ya chakula.

Tena hata pumba zina kazi. Nani atakuambia kwamba Austen alikuwa mpya, kama hujui cha zamani kilikuwaje? Utani wa Northanger Abbey unaukamata vipi bila Parsons?

Nikishawatetea watafiti hawa, niwageukie na wao, maana sikuja hapa kuwapambia harusi. Nina mashtaka mawili.

La kwanza ni la wanaohesabu bila kusoma. Franco Moretti, Mwitaliano aliyefundisha Stanford, alitushawishi kwamba riwaya ni nyingi mno kwa macho ya mtu mmoja, kwa hiyo tuzitazame kutoka mbali, kwa grafu na ramani. Hoja yake ina nguvu, na bila takwimu nisingeweza kuandika nusu ya makala hii. Lakini kwenye grafu The Woman of Colour ni nukta. Nukta ya mwaka 1808, juzuu mbili, mwandishi hajulikani. Ule wali hauonekani. Ukiifufua riwaya ukaigeuza takwimu, umeitoa kwenye kaburi moja ukaizika kwenye jingine lenye taa.

La pili linaniuma zaidi. Vitabu hivi vimepigwa picha, vimeingizwa kwenye kompyuta, halafu sehemu kubwa ya hazina ya Corvey ikawekwa nyuma ya malango ya kulipia ambayo vyuo vyetu vingi haviwezi kuyafungua. Mnasema mmerudisha sauti zilizosahauliwa. Mmezirudishia nani? Nakala yangu ya Olivia ilikuja kwenye sanduku la rafiki aliyekuwa anarudi likizo kutoka Canada, imebanwa kati ya viatu na chokoleti. Binti wa Jamaika aliyeandikwa akivuka bahari na wosia shingoni amevuka tena, na bado anaingia kwa mlango wa uani. Kazi ya wasomi wengine, ya hapohapo Cardiff kwa mfano, iko wazi kwa yeyote mwenye bando. Kwa hiyo inawezekana. Ni suala la kuamua.

Na hapa ndipo wenzangu wananiuliza: wewe Mswahili, haya ya Waingereza yanakuhusu nini? Si tuna yetu?

Tunayo, na ndiyo maana yananihusu. Muyaka bin Haji alizaliwa Mombasa karibu mwaka 1776, mwaka mmoja baada ya Austen. Tunamsoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliketi akakusanya mashairi yaliyokuwa vinywani mwa watu, kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na karatasi zikatunzwa mpaka William Hichens akatoa diwani mwaka 1940. Ondoa Sikujua kwenye hadithi hiyo, Muyaka anabaki tetesi. Ubora wa mashairi yake ungekuwa uleule, ila usingemsaidia. Chema kilihitaji mzee mmoja mwenye subira na wino.

Anayekubali kwamba London muda umechuja kwa haki, amekubali pia kwamba umechuja kwa haki Lamu, Pemba na Mombasa. Amekubali kwamba miswada iliyoliwa na mchwa ilistahili mchwa. Mimi siwezi. Mimi ni mwandishi wa gazeti, makala zangu za miaka kumi zimefungia maandazi mji mzima, na sina kinyongo na maandazi. Lakini sitakubali mtu aje kesho aseme kwamba mafuta yale yalikuwa hukumu.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Jumamosi, hili ndilo jibu langu. Chema hakijiuzi. Chema hubebwa, hufichwa, hunakiliwa, husafirishwa kwenye sanduku la mtu. Kisipopata mtu, kinakufa na wema wake. Watafiti wanaochimba riwaya zilizosahauliwa hawatuletei takataka. Wanatuonyesha ni mikono gani ilishika chekeche, nasi tuanze kujiuliza yetu inafanya nini.

Kitabu nimekupelekea. Nakala ni hiyo moja, na nimeandika jina langu ndani kwa kalamu nyekundu. Anza pale mezani, wali unapoletwa. Jumamosi ijayo nataka uniambie kama bado una njaa ya methali.